Simbilisi Anayeuma Ana Neno la Kusema

Ndugu msomaji, kuumwa na mnyama wa nyumbani ni jambo dogo mpaka limfike mwanao. Tone moja la damu katika kidole cha mtoto latosha kubadili hukumu ya nyumba nzima. Mnyama aliyekuwa kipenzi asubuhi huitwa mkorofi jioni, mtoto aliyempenda huanza kumwogopa, na mkubwa wa nyumba hutafuta kisu. Ni wachache wanaokaa kitako kujiuliza: ameuma kwa nini?

Leo napenda tuzungumze juu ya mnyama mmoja mdogo ambaye siku hizi yumo katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini, naye ni simbilisi. Nalisema neno langu mapema ili tusipotezeane wakati: simbilisi si mnyama wa kuuma. Akiuma, anayo sababu, na sababu hiyo aghalabu imo katika mkono uliomshika, katika chakula alichopewa, au katika nyumba aliyowekwa. Mambo yote hayo matatu yako mikononi mwetu sisi wenye nyumba.

NI MNYAMA WA NAMNA GANI?

Kwanza tumfahamu. Simbilisi hana mkia unaoonekana, miguu yake ni mifupi, na uzito wake akikomaa ni kama kilo moja. Usimchanganye na pimbi, yule mnyama wa miambani, wala na sungura, ingawa mara nyingi hufugwa jirani na sungura. Asili yake ni milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, ambako wenyeji wamemfuga kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama. Hata leo katika vijiji vya Peru na Bolivia utamkuta akizunguka jikoni miguuni mwa mama mpishi. Wahispania walimpeleka Ulaya katika karne ya 16, na kutoka huko akaenea duniani.

Katika milima hiyo hiyo anaishi binamu yake aitwaye chinchila, mwenye manyoya laini mno. Manyoya hayo karibu yammalize, kwa maana aliwindwa hadi akawa haba. Mwaka 1923 mhandisi wa migodi Mmarekani, Mathias F. Chapman, alichukua wachache kutoka Chile akawapeleka California, na uzao wao ukawa chanzo cha chinchila wengi wanaofugwa leo katika nyumba za Ulaya na Marekani. Nimemtaja kwa sababu wafugaji wake wanalo lalamiko lile lile la wafugaji wetu: mnyama mpole aliyeanza kuuma ghafla. Dawa nayo ni ile ile, maana wanyama hawa ni wa tabia moja. Wote wawili ni mawindo. Katika asili yao hawakuumbwa kupigana, bali kukimbia na kujificha. Meno ni silaha yao ya mwisho, pale mlango wa kukimbilia unapokuwa umefungwa.

Liweke moyoni neno hilo, ndugu msomaji, kwani ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata.

HUKUMU YA TUKUYU

Aprili iliyopita nilikwenda likizo kwa dada yangu Tukuyu. Anayeijua Tukuyu anaijua Aprili yake. Mji uko kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, mlima wenye urefu wa meta 2,960, na kwa mwaka hupata mvua inayozidi milimita 2,000. Mwezi huo ukungu hushuka mpaka migombani, mashamba ya chai hayaonekani ng'ambo ya barabara, na nguo zilizofuliwa Jumatatu huvaliwa Ijumaa zikiwa na unyevu.

Nilikuta nyumba ina shauri. Mpwa wangu, mtoto wa darasa la pili, alikuwa amefungwa kitambaa kwenye kidole cha shahada. Simbilisi wake jike, mwenye rangi ya maziwa na baka jeusi jichoni, alikuwa amemng'ata kwa mara ya tatu katika juma moja. Shemeji yangu, mtu wa maneno machache, alikuwa amekwisha kutoa hukumu: Jumamosi mnyama yule atakuwa kitoweo.

"Shemeji," aliniambia, "mimi sifugi kitu kinachomwaga damu ya mwanangu."

Neno lake lilikuwa zito, na lilikuwa la haki kwa upande wake. Baba anayemlinda mwanawe halaumiwi. Lakini mtoto alikuwa kimya kwa namna isiyokuwa ya kawaida. Hakulilia kidole, alikuwa akilia kwa sababu aliyemuuma ni yule aliyempenda. Dada yangu alininong'oneza kwamba tangu siku ya pili mtoto alikuwa ameanza kumchokoa mnyama yule kwa kijiti kupitia matundu ya kizimba. Hapo ndipo nilipoona kwamba shauri si la kidole tena. Mtoto alikuwa akijifunza jambo, na lile alilokuwa akijifunza halikuwa jema.

Bahati ilikuwa kwamba Ijumaa bwana mifugo alipita kumwona ng'ombe wa maziwa wa jirani. Bibi, yaani mama yake shemeji, alitoka hadi uani akamwomba aingie. Bwana mifugo alichuchumaa mbele ya kizimba akatazama kwa muda mrefu pasipo kugusa kitu. Kisha akapenyeza mkono polepole kutoka ubavuni, akatia kiganja chini ya kifua cha mnyama, akatia cha pili chini ya matako, akamwinua na kumpakata kifuani. Hakuumwa.

"Ana mimba," alisema. "Tena imekomaa."

Akagusa goti la mguu wa nyuma kwa ncha ya kidole. Mnyama akalia kilio chembamba. Bwana mifugo akafunua mdomo wake kidogo, akatazama ufizi, kisha akauliza: "Anakula nini?"

"Pumba," alijibu dada.

"Na majani mabichi?"

"Tangu mvua izidi tumeacha. Majani yana maji, tuliogopa atavimbiwa."

Bwana mifugo akamgeukia mtoto. "Wewe humbeba vipi?" Mtoto akaonyesha kwa mikono yake miwili: humkamata tumboni kutoka juu na kumkaza asiponyoke.

"Sasa, mwanangu, ungekuwa wewe una tumbo kubwa, magoti yanakuuma, na mtu anakunyakua hivyo, ungefanyaje?"

"Ningelia."

"Naye alilia kabla ya kukuuma?"

Mtoto alifikiri. "Alilia," akasema taratibu. "Nilidhani anacheka."

Hakuna aliyecheka pale uani. Shemeji aliitazama mvua kwa kitambo, kisha akasema kwamba mwenye mimba hachinjwi, asubiriwe azae kwanza. Bibi akaitikia kwa neno moja la Kinyakyusa, "Ndaga", yaani ahsante, na hukumu ikaahirishwa.

SABABU ZA KUUMA

Maelezo ya bwana mifugo yule yalinifanya niandike daftari zima. Nakupa hapa kiini chake, pamoja na yale niliyoyajua kwa kusoma na kwa kuwatazama wafugaji.

Sababu ya kwanza ni hofu. Adui mkubwa wa mnyama mdogo hutoka juu, naye ni mwewe. Kwa hiyo mkono unaoshuka kutoka juu, hata kama ni mkono wa mapenzi, kwake ni kucha za mwewe. Akiwa hana pa kukimbilia, atauma. Hofu huongezeka ikiwa kizimba kiko njiani penye makelele, au ikiwa usiku paka na panya hukizunguka.

Sababu ya pili ni maumivu. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mbuzi, ng'ombe, mbwa na hata panya hujitengenezea vitamini C mwilini mwao. Simbilisi hawezi, kama vile binadamu asivyoweza. Asipoipata katika chakula, baada ya majuma machache hushikwa na kiseyeye, ugonjwa ule ule uliowaua mabaharia wa zamani. Viungo huvimba, ufizi hutoka damu, na kuguswa kokote huwa mateso. Pumba haina vitamini hiyo. Mnyama mzima huhitaji miligramu 10 hadi 30 kwa siku, na mwenye mimba huhitaji zaidi ya mwenzake.

Maumivu mengine hutokana na meno. Meno ya simbilisi hayakomi kuota maisha yake yote, na husagwa na nyasi ngumu anazotafuna. Akilishwa vyakula laini tu, meno hurefuka, hupinda na kumchoma ulimi au shavu. Utamtambua kwa kudondokwa na mate na kwa kukisogelea chakula kisha kukiacha. Kadhalika utitiri wa ngozini huwasha mno, hata mnyama akamrukia anayemgusa mgongoni.

Sababu ya tatu ni harufu. Macho ya simbilisi hayaoni vizuri kitu kilicho puani pake, hutegemea kunusa. Mtoto aliyemaliza kula embe au karanga akapeleka kidole kizimbani amepeleka chakula. Kuuma kwa namna hii si ugomvi bali ni kukosea.

Sababu ya nne ni haja. Mtoto akimpakata kwa muda mrefu, mnyama hutaka kushuka akajisaidie. Kwanza hutapatapa, kisha huvuta nguo kwa meno, kisha hung'ata kidogo. Asiposikilizwa, hung'ata kwa nguvu.

Sababu ya tano ni msongamano, hasa wa madume. Zamani Wanyakyusa walikuwa na desturi iliyowastaajabisha wageni. Wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi, walitoka katika kijiji cha baba zao wakajenga vijumba vyao kando, wakalala huko, wakawa wanarudi kwa mama zao kula tu. Baadaye walioa, na pale pakawa kijiji chao. Mtaalamu Monica Wilson aliieleza desturi hiyo kwa kirefu katika kitabu chake Good Company kilichotolewa mwaka 1951. Simbilisi dume angeielewa desturi hiyo mara moja. Watoto wake wa kiume wakifikisha majuma matatu huanza kuwa wapinzani wake, na wakibaki katika kizimba kimoja penye majike, damu itamwagika. Mkono utakaoingia kati wakati huo utaumwa, wala si kwa chuki. Ukiwakuta wanapigana, waachanishe kwa kipande cha ubao au taulo nene, kamwe si kwa mkono mtupu.

DALILI ZA ONYO

Ndugu msomaji, mnyama huyu huonya kabla ya kuuma. Ni sisi tusiosoma barua yake. Kwanza huganda kama jiwe. Pili hurusha kichwa juu kuusukuma mkono. Tatu hugonganisha meno, na sauti yake ni kama ya kokoto zinazosuguana. Nywele za shingoni nazo husimama. Ukiona dalili hizi, ondoa mkono polepole, ngoja, ujaribu wakati mwingine. Kilio chembamba cha ghafla ni maumivu au hofu, si kicheko. Kile kilio kirefu cha kupanda anachokitoa akisikia mlio wa majani yakikatwa, hicho ndicho cha furaha.

NJIA YA KUMTULIZA

Anza na chakula, kwa maana mwenye maumivu hafundishiki. Mpe nyasi kila siku: ukoka, mabingobingo, pamoja na matembele na kabichi kidogo. Majira ya mvua usiache majani. Yakate, yakung'ute, yatandaze chini ya paa usiku kucha yanyauke, kisha mpe asubuhi. Kipande cha pera chenye ukubwa wa kidole gumba, au pande moja la chungwa, kitamtosha vitamini ya siku. Wenzetu wa Rungwe wana neema ya mapera, lakini wana pia parachichi kila uani, na hapa natoa onyo: majani, maganda na kokwa za parachichi zina sumu kwa simbilisi na sungura. Hali kadhalika majani ya viazi mviringo. Usimpe hata akilia.

Pili, tengeneza nyumba. Mwekee ndani ya kizimba kijisanduku cha kujifichia chenye matundu mawili, ili mmoja asimzibie mwenzake. Matandiko yawe makavu. Kizimba kiinuliwe juu ya sakafu, mbali na upepo na moshi, kwa kuwa baridi ya milimani si mchezo.

Tatu, jenga urafiki kwa hatua, wala usiruke hatua. Siku tatu za mwanzo usimguse. Kaa karibu na kizimba, sema naye kwa sauti ya chini wakati wa kumpa majani. Siku tatu zinazofuata mpe jani mkononi, mkono ukiwa chini usawa wa sakafu, ajongee mwenyewe. Juma la pili mguse ubavuni kwa mgongo wa kidole anapokula. Akizoea, mwinue kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya matako, miguu isining'inie. Mtoto akae chini mkekani, mnyama awe mapajani, juu ya kitambaa, kwa muda usiozidi dakika kumi. Mtoto asiyetimiza miaka mitano asimbebe pasipo mtu mzima. Na jike mwenye mimba iliyokomaa asiinuliwe kabisa ila kwa dharura.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Kabla, iondoke harufu ya chakula. Baada, iondoke michafu ya kizimbani.

Nne, yapo mambo ya kuepuka. Usimpige mnyama aliyekuuma, usimkong'ote puani, usimpulizie usoni. Hakumbuki kosa, atakumbuka mkono tu, na hofu ikizidi, kuuma kutazidi. Wala usimtupe kwa kushtuka, kwani mifupa yake ni myepesi. Vumilia, mshushe taratibu, kisha utafute sababu.

JERAHA LISIPUUZWE

Mtoto akiumwa, oshwa ya kwanza ni maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende zahanati. Mwambie mganga ameumwa na nini, na kama amepata chanjo ya pepopunda. Kichaa cha mbwa kutokana na simbilisi wa kizimbani ni jambo la nadra mno. Lakini aliyeumwa na mbwa, paka au mnyama wa porini asingoje hata siku moja. Kidole kikivimba, kikiwa chekundu na cha moto, rudi zahanati upesi.

Labda waniuliza yaliyompata yule wa baka jeusi. Siku tisa baadaye dada alinipigia simu. Mnyama alizaa watoto watatu, wamevaa manyoya na macho yamefumbuliwa, kama kawaida ya simbilisi, kwani mama zao hubeba mimba kwa siku 59 hadi 72 na watoto huzaliwa wakiwa tayari kutembea. Mmoja alikufa usiku ule ule. Dume aliondolewa siku hiyo hiyo, kwa kuwa jike aweza kushika mimba tena saa chache baada ya kuzaa, na mwili wake ulihitaji kupumzika. Tangu apewe mapera na majani, hajamuuma mtu. Hakuwa mnyama wa kupakatwa, la. Bado akiona mkono hujongea pembeni. Lakini jani hulipokea kidoleni, na mpwa wangu ameridhika kwa hilo. Kijiti kilitupwa motoni na mwenyewe.

Ndugu msomaji, simwambii mtu asile nyama ya simbilisi. Wengi humfuga kwa kitoweo, na ni halali yao. Lakini hata mnyama wa kitoweo hushikwa kila siku mpaka siku yake ifike, na mtoto anayemshika hujifunza namna ya kumtendea aliye mnyonge kuliko yeye. Somo hilo atalipeleka shuleni, atalipeleka kwa mdogo wake, na siku moja atalipeleka katika nyumba yake mwenyewe.

Basi, mnyama akiuma nyumbani kwako, kabla ya kutafuta kisu, tafuta majibu ya maswali manne. Je, ameshikwaje? Amekula nini mwezi huu? Anaishi na nani? Na alipolia mara ya kwanza, nani alimsikia?